Samaki Anayeitwa Ikola

Mgeni alikuwa Mjerumani wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuosha vifaa vyake mwenyewe baada ya kuzamia. Katika kituo cha uzamiaji tabia hiyo inatosha kukufanya upendwe na kila mtu. Ilikuwa Nungwi, kaskazini ya Unguja, katika miezi niliyokuwa nasubiri kuanza shahada ya uzamili. Kazi yangu ilikuwa mitungi. Niliipokea ikiwa mitupu, nikaijaza, nikaandika namba zake daftarini, nikaipanga kwa safari ya kesho.

Aliniuliza kama ninatoka hapohapo. Nikamwambia hapana, bara. Bara wapi? Mpanda. Akatabasamu kama anavyotabasamu mtu asiyetaka kukuvunja moyo. Mkoa wa Katavi, nikaongeza. Bado. Kwa kawaida naishia hapo, maana hata Watanzania wenzangu wengi hudhani Mpanda ni sehemu ya Mbeya. Lakini jioni ilikuwa ndefu na kompresa ilikuwa inanguruma, nikasema: karibu na Ziwa Tanganyika.

Akasimama na mapezi yake mkononi. "Ikola?" akauliza. "Unaijua Ikola?"

Ikola ninaijua. Kwetu Katumba, Ikola ni lori la dagaa lililofika usiku, ni migebuka iliyokauka ikafungwa kwenye kapu, ni barabara ya zaidi ya kilometa 100 ambayo masika humtoa dereva matusi. Sikutegemea kuisikia Nungwi kutoka kwenye mdomo wa mtu aliyekuja kutazama kasa. Akatoa simu yake, akanionyesha sebule, na ndani ya sebule tangi kubwa la kioo, na ndani ya tangi samaki weusi wenye ukanda mpana wa njano tumboni, wanene kidogo, wenye nyuso za watu waliokatizwa maongezi. "Hawa ndio Ikola," akasema. Wafugaji wengine humwita Kaiser. Anao kundi zima, na bei ya mmoja, alipoitaja, ilizidi ujira wangu wa siku mbili.

Insha hii inatokana na usiku ule. Nilitaka kujua jina la mwalo wetu lilifikaje kwenye sebule ile, na nimegundua kwamba jibu lake ni historia ya kazi niliyokuwa naifanya palepale: kumuuzia mtu hewa ili akaone kilicho chini ya maji.

Maana kituo cha uzamiaji, ukikiondolea picha za matangazo, kinauza hewa. Bahari ipo, samaki wapo, hatukuwaumba sisi. Mgeni analipia lita kumi na kitu za mtungi zilizosindikwa mpaka bar 200, na analipia imani kwamba hewa ile ni safi. Imani hiyo ina kazi nyingi nyuma yake. Mdomo wa bomba la kompresa lazima uwe upande usiofikiwa na moshi wa injini, kwa sababu moshi kidogo usioudhuru mwili juu ya nchi unaweza kuua mita 20 chini, ambako kila pumzi imebanwa mara tatu. Upepo ukigeuka, kaskazi ikiondoka na kusi kuingia, tulihamisha bomba. Machujio hubadilishwa kwa kuhesabu saa za injini. Mitungi hukaguliwa ndani kila mwaka, na kila baada ya miaka 5 hupimwa kwa shinikizo la maji. Mpokea wageni akikuuliza unasafiri lini, si udadisi; aliyezamia anashauriwa akae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, la sivyo naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoka kama gesi ya soda iliyofunguliwa ghafla. Ukutani palibandikwa namba ya simu ya chumba cha mgandamizo, mahali anapopelekwa mtu aliyepatwa na hilo. Nilifundishwa kuikariri kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote.

Kifaa chenyewe, mtungi mgongoni na mdomo unaotoa hewa kwa kadiri unavyovuta, kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan. Watu walikuwa wakizamia kwa pumzi zao tangu zamani, pwani yetu na kwingineko, lakini kifaa hiki ndicho kilichogeuza sakafu ya maji kuwa mahali pa kukaa, si pa kugusa na kurudi. Zanzibar ilikuja kukitajirikia baadaye, serikali ilipofungua milango kwa watalii na wawekezaji kuanzia miaka ya 1980. Ziwani kwetu kilifika kwa shughuli nyingine, na kilifika mapema zaidi ya nilivyodhani.

Nianze na samaki. Mwaka 1898, George Boulenger wa makumbusho ya London alipokea samaki waliokusanywa na John Moore, Mwingereza aliyetumwa kuchunguza viumbe wa Ziwa Tanganyika, na mmoja wao akamwita Tropheus moorii kwa heshima yake. Kwa karibu miongo saba iliyofuata jina hilo lilikuwa mali ya wataalamu. Samaki alikaa kwenye chupa ya spiriti, ambako rangi hufutika na kila kitu huwa cha kahawia. Kwa hiyo hakuna aliyeona jambo ambalo ndilo lenye thamani leo: Tropheus wa mwamba huu hafanani na wa mwamba wa pili.

Sababu yake ni tabia. Samaki huyu anakula mwani unaoota juu ya mawe, kwenye maji mafupi yenye jua. Jike hutunza mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo watoto hawasambazwi na mawimbi. Hushushwa palepale alipo mama. Na hapendi kuvuka mchanga. Ufukwe wa mchanga wa kilometa chache, mdomo wa mto wenye tope, kwake ni ukuta. Ziwa lenye urefu wa kilometa zipatazo 670 linakuwa kwake mlolongo wa visiwa vya mawe, kila kimoja na ukoo wake: hapa wekundu, pale weusi wenye ukanda wa njano, mbele kidogo wa kijani. Ndiyo maana wafugaji hawawezi kusema "Tropheus" tu. Lazima waseme wa wapi. Na kwa kuwa aliyemchukua alihitaji jina la mahali, aliuliza jina la kijiji kilicho karibu.

Aliyeifanya biashara hii kuwa biashara ni Mbelgiji, Pierre Brichard. Alianza Kongo, akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Kinshasa, na mwaka 1971 akahamia Burundi. Kaskazini ya ziwa, kwenye mwambao ulio kusini ya Bujumbura, alianzisha kazi ya kuvua samaki wa mawe na kuwauza Ulaya na Marekani. Ukiiangalia kwa jicho la mtu wa kituo cha uzamiaji, ile ilikuwa kazi yetu hasa, ila iliyogeuzwa kichwa chini: badala ya kumshusha mgeni akamwone samaki, unampandisha samaki akamwone mgeni.

Kazi hiyo inahitaji ustadi. Wazamiaji hutandaza wavu mwembamba kuzunguka mawe, kisha huwaswaga samaki taratibu mpaka waingie. Anayetoka kina kirefu hawezi kupandishwa kwa mara moja, kwa sababu kibofu chake cha hewa kitavimba. Huwekwa kwenye chombo na kupandishwa kwa vituo, siku baada ya siku, au hutobolewa kwa sindano na mkono uliozoea. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktaba, kwa kuwa samaki naye ana saa zake 18. Baada ya hapo hukaa na njaa siku kadhaa ili wasichafue maji safarini, kisha kila mmoja, au wachache pamoja, huingia kwenye mfuko wa plastiki wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni. Mfuko hufungwa, huwekwa kwenye boksi lisilopitisha baridi, na boksi hupanda ndege.

Mmoja wa samaki hao ni mdogo, wa rangi ya maziwa yenye kahawa, mwenye mapezi yanayoishia kwa nyuzi ndefu kama shela. Mwaka 1974 Max Poll, mtaalamu wa samaki wa Ubelgiji, alimpa jina la kisayansi kwa heshima ya Brichard: Lamprologus brichardi. Madukani aliitwa, na bado anaitwa, Binti Mfalme wa Burundi.

Hapo ndipo niliposimama kusoma, nikaenda nje kununua maji. Ufalme wa Burundi uliondolewa mwaka 1966. Mfalme wa mwisho, Ntare wa Tano, alirudi nyumbani Machi 1972 na akauawa Gitega tarehe 29 Aprili mwaka huohuo. Siku hiyohiyo uasi ulianza kusini, kwenye miji ya ufukweni ya Rumonge na Nyanza-Lac, na jeshi likajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kuendelea kwa miezi. Wahutu waliosoma walitafutwa kwa orodha: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari, wauguzi. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kwenda hadi 300,000. Kirundi kina neno moja la mwaka ule, Ikiza, na nyumbani kwetu lilitamkwa kwa sauti ya chini hata na watu waliokuwa salama kwa miaka 40.

Bibi yangu alitoka Nyanza-Lac. Sijapata kumsikia akiliita ziwa zuri. Kwake ziwa lilikuwa kitu kilichokuwa upande wa kulia wakati wa kutembea usiku kwenda kusini, na ambacho usikisogelee kwa sababu wanajeshi walikuwa na boti. Waliingia Kigoma kwa miguu. Baadaye walipandishwa treni, wakapitia Kaliua, wakashushwa Katumba, msitu wa miombo ambao mwaka 1973 ulikuwa umetengwa kuwa makazi ya wakimbizi. Wakapewa majembe, mbegu na kipande cha msitu, wakafyeka. Walichokijenga kilikuja kulisha Mpanda mahindi na maharage, lakini hawakuruhusiwa kutoka bila kibali. Ukitaka kwenda Karema kununua samaki, uliandikiwa karatasi yenye tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi. Uraia uliletwa mezani mwaka 2007. Watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya zamani wakakubaliwa, kisha vyeti vikasubiriwa mpaka 2014 ndipo vikaanza kutolewa. Bibi alikipokea chake na kukiweka kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akauweka ndani ya sanduku.

Simlaumu Brichard. Sijui mtu anayevua samaki angefanya nini mbele ya jeshi, na kitabu chake cha samaki wa ziwa hili, kilichotoka mwaka 1978 na kufuatwa na kingine kikubwa zaidi mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kimehifadhi maarifa ambayo yangepotea. Ninachoshindwa kukiacha ni hiki: katika miaka ileile, kutoka mwambao uleule, viumbe wawili walikuwa wanatoka. Mmoja alitoka na jina la mahali alipozaliwa, na jina hilo ndilo lililompandisha bei. Mwingine alitakiwa kuficha alikozaliwa. Mama yangu mdogo alifundishwa kusema anatoka Kasulu kila akivuka mto kuingia mjini.

Biashara ya samaki wa mapambo haikubaki Burundi. Wanunuzi walitaka rangi mpya, na rangi mpya zilikuwa kwenye mawe ambayo hayajafikiwa: upande wa Zambia, upande wa Kongo, na mwambao mrefu wa Tanzania. Wazamiaji wakashuka na boti kutoka Kigoma kuelekea kusini, wakisimama kila palipo na mawe. Fungua leo orodha ya muuzaji yeyote wa Ulaya na utasoma ramani yetu: Ikola, Karema, Mpimbwe, Kipili, Kirando, kisiwa cha Ulwile, kisiwa cha Kerenge. Kuna samaki mkubwa mwenye nundu ya kichwa, wa buluu kama wino wa kalamu, anayeitwa kwa jina la rasi ya Mpimbwe. Nimewahi kukaa na wahitimu wa jiografia ambao hawakuweza kuionyesha Mpimbwe kwenye ramani, na wafugaji wa samaki wa Dortmund wanaweza.

Nilikuwa nikidhani biashara hiyo ni mto wa fedha unaotupita. Ulikuwa hivyo kwa muda, ila hata huo umepungua, na si kwa sababu ya sheria. Tropheus huzaa kwenye tangi. Chukua kundi moja Ikola, lipeleke Ujerumani au Jamhuri ya Cheki, lilishe vizuri, na baada ya miaka michache una Ikola wa kutosha waliozaliwa Ulaya, ambao mababu zao tu ndio walioona mawe yetu. Mgeni wangu wa Nungwi alinieleza kwa fahari kwamba wa kwake ni kizazi cha tatu, hawakuvuliwa, kwa hiyo dhamiri yake ni safi. Ni hoja nzuri. Pia maana yake ni kwamba kati ya fedha alizolipa, hata shilingi haikufika Ikola. Kilichobaki Ikola ni jina, nalo limeenda.

Basi kwa nini tusimlete mgeni badala ya kumpeleka samaki? Swali hilo nililiuliza kwa bidii ya mtu aliyetoka kujifunza kujaza mitungi. Kwa sehemu limeshajibiwa. Kipili, wilaya ya Nkasi, kusini ya mpaka wa mkoa wetu, kuna hoteli ya ufukweni inayowapeleka wageni kuzamia kwenye visiwa vya jirani. Maji ya ziwa ni angavu kuliko mtu anavyotarajia, na hayana chumvi ya kula vifaa. Ila kila kitu kingine ni kigumu kuliko Nungwi. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu yake ni nyepesi zaidi, na majedwali ya uzamiaji yaliyopigiwa hesabu baharini hayatumiki kama yalivyo. Maji baridi hayabebi mwili kama maji ya chumvi, kwa hiyo mkanda wa risasi unapunguzwa. Kutoka Kipili barabara inapanda uwanda wa Ufipa, na Sumbawanga iko karibu mita 1,800. Aliyezamia asubuhi akipanda gari mchana anafanya kosa lilelile la kupanda ndege mapema. Usukani hauna geji ya kumwonya. Halafu kuna mamba. Mamba hawako kila mahali, wavuvi wanajua walipo, lakini jaribu kuliandika hilo kwenye tangazo.

Nungwi ilikuwa na uwanja wa ndege saa moja na nusu barabarani. Ilikuwa na manahodha waliojua mkondo wa Mnemba tangu utotoni, ambao walimtazama mwalimu wa kigeni akisoma kompyuta yake ya mkononi, kisha wakageuza mashua bila kuuliza. Nahodha wetu mmoja, mzee, hakuwahi kuvaa mtungi maisha yake yote. Nilimwuliza kwa nini. "Nikishuka mimi, nani atawaokota?" akasema. Kituo kilimtegemea kuliko kompresa, na mshahara wake ulikuwa chini ya wa mwalimu aliyekuja msimu mmoja. Wazamiaji wa samaki wa mapambo ziwani, vijana wa Kigoma waliojifunza kuswaga Tropheus bila kumtoa hata gamba, hawakupata jina la samaki. Majina yalikwenda kwa waliotuma boksi na waliolifungua.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani na miwani ya kuzamia niliyonunua Nungwi kwa bei ya mfanyakazi. Nilimwonyesha Bibi picha ya tangi. Aliishika simu mbali na macho, akaitazama muda mrefu. Nilimweleza kwamba hawa ni samaki wa Ikola wanaoishi Ujerumani.

"Wanaliwa?"

Hapana, Bibi. Wanatazamwa.

"Wana chakula?"

Wanalishwa kila siku.

Akarudisha simu. "Na karatasi wanazo," akasema, na sikujua kama ni swali.

Siku mbili baadaye nilipata nafasi kwenye lori linalofuata dagaa, nikafika Ikola alfajiri wakati wavuvi wanateremsha karabai. Kijana mmoja mwenye mtumbwi akakubali kunipeleka kwenye mawe, nje kidogo ya kijiji, baada ya kunihakikishia mara tatu, bila mimi kuuliza, kwamba mamba wa pale alihama. Nikaingia maji ya kifuani, nikashika mwamba, nikazamisha uso.

Walikuwepo. Sikuhitaji mtungi wala hewa ya mtu. Walikuwa chini ya goti langu, weusi, na ukanda wa njano ukiwaka na kuzimika kila walipogeuka kukwangua jiwe. Mmoja alinisogelea, akanipima, akamfukuza mwenzake aliyekuwa karibu na mguu wangu, akarudi kula. Nilivuta pumzi na kuzama mara nyingi mpaka meno yakaanza kugongana.

Nilipotoka, kijana wa mtumbwi aliniuliza nitamlipa bei gani kwa mmoja, akiniletea akiwa hai. Kumbe aliwahi kusikia kwa kaka yake kwamba kuna watu hununua. Nikamwambia mimi sinunui, nilitaka tu kuwaona.

Alinitazama nikitetemeka na taulo mabegani. "Umetoka Katumba," akasema, "kwa lori la usiku, kuja kuwaona hawa?"